Bawaba ya Katubuka na Kiburi cha Wasomi

Kuna kauli ambayo nimeisikia katika vikao vya kitaaluma mara nyingi kiasi kwamba sasa naitambua kabla haijatamkwa. Husemwa hivi: vifaa vya kukunja ni anasa ya matajiri wa Seoul na Shenzhen, sisi tuna matatizo ya msingi ya kushughulikia, na kama ni kuruka basi tuirukie akili mnemba. Anayeitamka huwa ameketi mbele ya kompyuta mpakato iliyofunguliwa. Kioo kimesimama bila kushikwa na mtu, na msemaji hajiulizi kinasimamishwa na nini.

Kinasimamishwa na bawaba. Mafundi wengi mitaani huiita hinji, lakini mimi nitabaki na neno letu la zamani, ambalo lina undugu na neno la Kiarabu la mlango na ambalo kila seremala wa Ujiji analifahamu. Bawaba ya mlango ina kazi moja: kuzunguka. Bawaba ya kompyuta ina kazi mbili zinazopingana: izunguke unapotaka, na igome kuzunguka unapoacha. Kupatanisha amri hizo mbili ndani ya kipande cha chuma kisichozidi kidole ni kazi ya usanifu, na ni kazi ya zamani kuliko wanafunzi wangu. Kompyuta ya GRiD Compass, iliyosanifiwa na Mwingereza Bill Moggridge na kuingia sokoni mwaka 1982, ndiyo iliyotufundisha kwamba kioo kinaweza kulalia kibodi kama jalada la kitabu. Tangu hapo dunia nzima inafungua na kufunga. Sisi pia tunafungua na kufunga, ila tumeamua kwamba jambo hilo halituhusu.

Nafundisha usanifu wa mitambo, na likizo zangu nyingi huzimalizia nyumbani Kigoma. Katika Kata ya Katubuka, ndani ya Manispaa ya Kigoma-Ujiji, yapo mabanda ya mafundi wa simu na kompyuta ambayo yamenifundisha juu ya bawaba zaidi ya vitabu nilivyovibeba kutoka ughaibuni. Wateja wake ni walimu, makarani wa halmashauri, wanafunzi waliorudi likizo, na mara nyingine watu waliovuka ziwa kutoka Kalemie au waliokuja kutoka upande wa Burundi. Ukikaa pale nusu siku utagundua kwamba kompyuta zinazoletwa haziumwi ubongo. Zinaumwa kiungo. Kioo kimelegea kama mkono uliovunjika, kona ya mfuniko imeachama, na mwenye nacho amekifunga kwa mpira wa tyubu ya baiskeli ili kisidondoke njiani.

"Dokta," aliniambia fundi mmoja huku akinionesha kona iliyopasuka, "chuma hakina kosa hapa. Kosa ni la plastiki iliyopewa kazi ya chuma."

Sentensi hiyo ningeitolea alama zote katika mtihani wa mwaka wa tatu. Hebu tuipime kwa hesabu. Chukua kioo chenye uzito wa nusu kilo, kitovu cha uzito wake kikiwa sentimita 12 kutoka kwenye bawaba. Kikilazwa karibu na usawa wa meza, kinataka kuanguka kwa nguvu ya kuzungusha ya takriban 0.6 nyutoni-mita. Bawaba mbili zikigawana mzigo huo, kila moja inabeba 0.3. Msanifu huongeza kidogo juu ya hapo ili kioo kisiporomoke meza ikitikiswa, lakini asizidishe, maana mtumiaji atanyanyua kompyuta nzima kila akijaribu kuifungua. Nguvu hiyo ya kugoma hutokana na msuguano: mhimili wa chuma, washa kadhaa zilizobanwa kwa nati, na grisi katikati.

Sasa mpe kifaa hicho miaka minne ya Kigoma. Vumbi jekundu la kiangazi linaingia kwenye grisi, unyevu wa ziwa unaleta kutu, grisi inakauka na kuwa kama gundi. Bawaba iliyodai 0.3 inaanza kudai mara mbili au tatu ya hapo. Chuma kinavumilia, hakijui hata kama kuna tatizo. Nguvu yote inahamia kwenye skrubu fupi za milimita tatu au nne, zilizokazwa ndani ya vikopo vidogo vya shaba, na vikopo hivyo vimekitwa kwa joto ndani ya vinguzo vya plastiki. Vinguzo vinang'oka. Mfuniko unaachama, mtumiaji anaanza kufungua kwa kuvuta kona moja, bawaba ya pili inaelemewa na kufuata njia ya mwenzake, kisha flekisi ya kioo inayopita jirani inabanwa na kukatika. Hitilafu iliyoanza kwa grisi ya kiasi cha punje ya mchele inaishia kwa kioo cheusi.

Na anachokifanya fundi wa Katubuka? Kwanza anaifungua bawaba, anaisafisha, anaipaka grisi mpya na kulegeza nati robo ya mzunguko. Amepunguza nguvu kwenye chanzo chake. Kisha, mahali ambapo vinguzo vimekufa, anakata kipande cha bati la aluminiamu, anakilaza chini ya bawaba, anatoboa mfuniko hadi nje na kupitisha boliti zenye nati. Pengo analijaza kwa gundi ya kuchanganya au kwa supaglu iliyonyunyiziwa unga wa baking soda, ambayo huganda papo hapo kama jiwe. Vichwa vya boliti vinaonekana juu ya mfuniko, na wenye macho ya dukani huviona ni ushamba. Mimi huona mzigo uliokuwa umekusanyika kwenye vinguzo vinne vya plastiki ukisambazwa juu ya eneo pana la chuma. Nguvu gawanya kwa eneo. Tunaifundisha wiki ya pili ya muhula wa kwanza, kisha tunawahitimisha vijana ambao hawajawahi kuiona ikitokea.

Najua jibu litakalokuja: hiyo ni kompyuta ya mtumba, Dokta, wakati mada ya dunia ya leo ni simu za kukunja. Haya, twende huko.

Februari 2019 kampuni ya Samsung ilitangaza Galaxy Fold, simu yenye bei inayokaribia dola 2,000. Aprili mwaka huohuo, siku chache kabla ya kuingia sokoni, vifaa walivyopewa waandishi wa habari za teknolojia vilianza kuharibika. Baadhi yao walibandua utando wa juu wakidhani ni plastiki ya kufungashia. Kwa wengine, uchafu ulipenya kwenye uwazi wa bawaba na kukisukuma kioo kutoka chini. Uzinduzi uliahirishwa, na simu ikarudi Septemba ikiwa imezibwa vifuniko juu na chini ya bawaba. Mwaka uliofuata, katika Galaxy Z Flip, wahandisi wao waliweka nyuzi za nailoni ndani ya bawaba zifanye kazi ya ufagio. Mojawapo ya kampuni kubwa kuliko zote duniani ilijikuta ikipigana na mchanga.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Simu ile ilisanifiwa na watu wanaofanya kazi katika vyumba vyenye hewa iliyochujwa, ikajaribiwa na mashine ya kuikunja mara 200,000, hesabu ambayo kwa mtu anayefungua simu mara 100 kwa siku ni zaidi ya miaka mitano. Mashine ilikunja vizuri sana. Ila maisha ya mtu hayana usafi wa maabara. Mwaka 2024 kampuni hiyohiyo ilitoa Galaxy Z Fold6 yenye daraja la kinga la IP48, na ile 4 ina maana kwamba kifaa kimekingwa dhidi ya vitu vyenye ukubwa wa milimita moja na zaidi. Vumbi linaloinuliwa na bodaboda kule Katubuka mwezi Agosti halikaribii milimita moja. Hata ilipofika mwaka 2025, wakati Google walipotangaza simu ya kukunja yenye daraja la 6 la kinga ya vumbi, lilikuwa ni jambo la kutangazwa kwa majivuno.

Na kwa nini kazi hii ni ngumu kiasi hicho? Kwa sababu kioo hakikunjwi kama karatasi. Ukikikunja kwa pembe kali, tabaka la nje linanyooshwa, la ndani linabanwa, na kati yao kuna tabaka zinazochanika. Bawaba hulazimika kukiongoza kioo kifuate mviringo. Katika usanifu unaoitwa wa tone la maji, nusu mbili za simu zinapofungwa, sehemu ya kati ya kioo huzama ndani ya tundu la bawaba na kujikunja kwa umbo la tone, mkunjo ukawa mpana na alama ya katikati ikapungua. Lakini tundu hilo linahitaji nafasi, na nafasi ni mlango wa vumbi. Gia ndogo huzilazimisha nusu mbili zisogee pamoja, springi na kamu huzishikilia katika pembe yoyote. Kila ukiongeza kipande, unaongeza ufa. Hapo ndipo usanifu ulipo: ni mabishano kati ya mahitaji, na mshindi huamuliwa na yule ambaye mazingira yake yaliandikwa kwenye karatasi ya mahitaji. Mazingira yetu hayakuandikwa, kwa kuwa hakuna aliyetumwa kuyaandika.

Wala msidhani simu hizi zitabaki Seoul. Tecno, ambayo haihitaji utambulisho kwa Mtanzania yeyote, ilizindua simu yake ya kukunja mwaka 2023. Zile za bei kubwa nazo zitashuka kwa njia tunayoijua: zitatumika Ulaya au Ghuba, zitapita Dubai, zitaingia Kariakoo, na zitafika Mwanga na Katubuka zikiwa zimeshatumia nusu ya mikunjo yake. Tutazipokea zikiwa wazee. Bawaba yake haitapatikana popote, na fundi yuleyule wa bati la aluminiamu ndiye atakayeulizwa.

Hapa nataka kuwaudhi wenzangu kidogo. Kitivo cha Uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1973. SIDO iliundwa mwaka huohuo ili kuvihudumia viwanda vidogo, na TEMDO, ambayo ndani ya jina lake kuna neno usanifu, iliundwa mwaka 1980. Nusu karne inatosha kulea kizazi cha wasanifu na kumlea mwanafunzi wa wanafunzi wao. Taifa hili lilishawaza juu ya usanifu kabla baadhi yetu hatujazaliwa. Kilichokauka ni heshima. Mhadhiri akitaka kupandishwa cheo huhesabiwa makala katika majarida ya nje. Akichora kishikizo cha bawaba cha shilingi elfu mbili kinachotumiwa na mafundi wa mikoa yote ya ziwa, hapati pointi hata moja. Basi tunaandika makala. Nami ninaziandika, na mishahara yetu inapanda, wakati mwanafunzi tunayemsimamia anakuja kutetea andiko lake akiwa ameegemeza kioo cha kompyuta kwenye matofali mawili.

Mwanafunzi huyo si mfano wa kubuni kwa mwalimu yeyote wa chuo anayesoma hapa. Bumu limeisha, kompyuta ni ya kaka yake, bawaba imeng'oka wiki tatu kabla ya tarehe ya mwisho. Dukani anaambiwa anunue mfuniko mzima, na bei ya mfuniko mzima inakaribia bei ya kompyuta nyingine ya mtumba. Hakuna anayemwambia kwamba kilichokufa ni vinguzo vinne visivyofika gramu moja. Nimewaona vijana wakiandika sura nzima kwa simu ya mkononi kwa sababu hiyo, kisha tunawasahihisha kwa wino mwekundu kwamba majedwali yao yamepinda.

Kwa watumishi wa umma nina swali jepesi. Kila mwaka halmashauri na wizara hununua kompyuta mpakato. Zabuni hutaja kasi ya kichakato, ukubwa wa kumbukumbu, muda wa betri. Nionesheni zabuni inayotaja bawaba: imefungwa kwenye fremu ya chuma au kwenye plastiki? Vipuri vyake vitapatikana nchini kwa miaka mingapi? Mfumo wa NeST unaweza kubeba sharti hilo kama unavyobeba mengine. Ni mistari miwili ya maandishi. Serikali ni mnunuzi mkubwa, na mnunuzi mkubwa akiuliza swali, muuzaji hujifunza jibu.

Na pasiwe na mtu wa kuniambia kwamba dola haina ubavu juu ya vifaa vya mawasiliano. Juni 16, 2016, TCRA ilizima simu bandia nchi nzima. Waliokuwa nazo walilala na simu wakaamka na kipande cha plastiki. Nguvu iliyotumika kumnyang'anya mnunuzi kitu kibovu haishindwi kumdai mwingizaji kipuri.

Wenzetu wameshaanza. Kanuni ya Umoja wa Ulaya Na. 2023/1670, inayotumika tangu Juni 20, 2025, inawabana wauzaji wa simujanja na vishikwambi kuwapatia mafundi vipuri kwa miaka isiyopungua 7 baada ya mtindo kuacha kuuzwa, na katika orodha ya vipuri hivyo bawaba na mfumo wa kukunja kioo vimetajwa kwa jina. Simu ileile, kutoka kiwanda kilekile, ina haki ya bawaba ikiwa Lyon na haina haki hiyo ikiwa Kigoma. Watasema soko letu ni dogo. La Tanzania peke yake, labda. Lakini Burundi tuko nayo ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007, Kongo iliingia 2022, na fundi wa Katubuka anahudumia nchi zote tatu kabla ya saa sita mchana. Jumuiya inayojadili viwango vya maziwa na saruji inaweza kujadili na hili.

Nakiri hoja moja ya wapinzani ina uzito: kumlazimisha mwingizaji aweke akiba ya vipuri kutaongeza bei. Kutaongeza, ndiyo, kwa kiasi fulani. Ila bawaba ni vipande vya chuma vilivyokatwa kwa mashine ya kupigia. Si betri wala kioo. Na gharama ya kutokuwa nayo tayari tunailipa, tena inalipwa na mwenye kipato kidogo, kwa sababu mwenye uwezo hutupa na kununua.

Hoja nyingine, kwamba mafundi hawa hawana vyeti, sitaipa nafasi kubwa. VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Utumike. Ila mtahini atakayekwenda kuwapima ajiandae kupimwa.

Watu wa Kigoma hawakuanza jana kuishi na mashine zilizosanifiwa mbali. Meli ya Liemba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 ikiitwa Graf von Götzen, ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa katika makasha yapatayo 5,000, ikaletwa kwa bahari na reli, ikaunganishwa upya hapa na kushushwa majini Februari 1915. Wajerumani wenyewe waliizamisha Julai 1916. Iliibuliwa 1924 na kurudi kazini 1927. Watalii huisimulia kama hadithi ya vita. Mimi huniuma kwingine. Kwa karne nzima mikono ya mafundi wa pwani hii imeitunza meli hiyo na kuielewa kila ribiti yake, na bado ukiuliza nani aliisanifu, jibu ni jina la Mjerumani, na ukiuliza nani aliidumisha, hakuna jina kabisa.

Mwaka huu nimewapa wanafunzi wangu wa mwaka wa nne mradi ambao baadhi yao waliupokea kwa uso wa kudhulumiwa: wachague mitindo ya kompyuta mpakato inayojaa kwenye maduka ya mtumba, wapime mahali bawaba inapofungwa, wasanifu bamba la chuma la kuimarishia kona hiyo, na michoro yake iwe huru kwa fundi yeyote. Mmoja aliniuliza kama mradi huo "una teknolojia ya kutosha." Nilimtuma Katubuka na kompyuta yake mwenyewe. Narudia wito huohuo kwa idara nyingine za uhandisi nchini, na kwa wale walio SIDO Kigoma, ambao hawahitaji nauli: michoro ikikamilika, bati na mkasi wa kukatia vipo.

Kabla sijaondoka mara ya mwisho nilimwuliza fundi yule ni kitu gani kimoja angeomba kutoka chuo kikuu. Nilitegemea ataje mashine, au fedha. Akafungua kopo la skrubu na kulimwaga mezani. Alitaka skrubu za M2 na M2.5 zenye urefu wa milimita tano na sita, kwa gramu, kwa bei ya jumla, kwa sababu zile anazozipata mjini ni fupi mno na zinashika uzi mmoja tu.